Walininunua Kabla ya Kuniona Nikicheza

Nakumbuka, mwanangu, siku moja ya Alhamisi, watu wawili wa Kilwa Kivinje walikuja kwetu Mtama kuninunua. Nasema kuninunua, usicheke. Siku hizi mnaita kusajili mchezaji huru, mnampiga picha na skafu shingoni, lakini mambo ni yale yale: mmoja anatoa fedha, mwingine anatoa miguu.

Ninyi vijana wa hapa Mitwero nawasikia kila dirisha la usajili linapofunguliwa. Mnabishana mpaka chai inapoa. Huyu anasema timu fulani imepigwa, imemwaga mamilioni kwa mtu ambaye hajacheza hata mechi kumi za maana. Yule anasema mchukueni leo, kesho atakuwa ghali zaidi. Mimi nanyamaza, mnadhani mzee hajui mpira. Najua. Nanyamaza kwa sababu mtu mnayemsema ndiye mimi, ila nimezeeka tu.

Nilikuwa na miaka ishirini na moja. Mbio nilikuwa nazo, akili bado. Timu yetu ya Mtama ilicheza na wageni waliotoka mbali, nami nikafunga mabao matatu. Nilifunga kweli, sijisingizii. Lakini sikiliza mabao yenyewe. Gari la wale wageni liliharibika njiani, wakalala porini, wakafika uwanjani hawajala kitu. Golikipa wao alikuwa anaharisha, wakamweka golini beki wa kushoto, mtu mfupi, ambaye mpira wa juu alikuwa anautazama unavyopita. Siku ile hata mama yangu angefunga, na marehemu mama alikuwa na goti bovu.

Sasa habari, mwanangu, ikitembea haibebi mzigo wote. Ilipofika Lindi mabao yalikuwa manne. Ilipofika Kivinje yalikuwa sita, na moja nimelifunga kwa kichwa kutoka nje ya boksi. Ile habari ya gari bovu na golikipa mgonjwa ilibaki Mtama. Hakuna aliyeona haja ya kuibeba.

Basi wale watu wawili wakaja. Mmoja alikuwa katibu wa timu yao, bwana Shaweji, mfanyabiashara wa samaki wakavu, mtu mwema sana, mwenye maneno laini. Timu yao ilibakiwa na mechi tatu, ikizishinda inapanda daraja, jambo ambalo Kivinje walilingoja miaka mingi. Walihitaji mfungaji. Na waliposikia kwamba watu wa Lindi mjini nao wananiulizia, basi, usingizi wote uliwaisha. Mpaka leo sijui kama watu wa Lindi waliniulizia kweli. Naona waliniulizia kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichokitaka, akipita tu.

Baba yangu alikuwa mkulima wa korosho, mtu wa maneno machache. Aliwakaribisha, wakamsalimu, akaitikia, akawasikiliza mpaka mwisho. Mwishowe wakataja kiasi wanachonipa. Kiasi chenyewe sikitaji, lakini baba asingekipata kwa misimu miwili ya korosho zake zote.

Akawaambia, "Juzi nimepeleka korosho zangu ghalani. Wamefungua gunia, wamechota mpaka chini kabisa, wamezikata kwa kisu kutazama kiini, ndipo wakapima. Ninyi mwanangu hamtaki hata kumwona akikimbia? Kesho kutwa kuna mazoezi. Laleni hapa, mle ugali wetu, mtazame."

Bwana Shaweji akacheka kwa adabu. "Mzee wangu, kizuri chajiuza. Sifa zake tumezipata. Tukilala hapa, wenzetu wanamchukua."

Baba akanigeukia mimi. Alinitazama tu, kwa sababu siku ya yale mabao matatu alikuwapo uwanjani, na yule beki mfupi alimwona kwa macho yake. Alikuwa ananipa nafasi niseme mwenyewe. Nami, mwanangu, nilikasirika. Nikaona mzee huyu anataka kuniharibia bahati. Nikasema, "Baba, wageni wana haraka." Maneno manne tu, na ndiyo kosa langu lote. Mengine yaliyofuata ni watoto wa kosa hilo.

Kivinje walinipokea vizuri mno, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Laiti wangenipokea vibaya, leo ningekuwa na cha kusingizia. Nililala nyumbani kwa bwana Shaweji, nikalishwa wali na pweza, watoto wakanifuata njiani wakiimba jina langu. Mgeni njoo mwenyeji apone, ndivyo walivyonitazama. Kila aliyenipa mkono alikuwa kama mgonjwa aliyeona dawa.

Lakini fedha niliyopewa mimi ilitoka mahali, haikushuka na mvua. Kila mchezaji alikatwa posho yake ili mimi nilipwe. Na mshambuliaji wao, Mfaume, aliambiwa akae benchi. Huyu Mfaume alikuwa mvuvi, wa miaka thelathini na kidogo, goti limeshaanza kumsumbua. Alikuwa ameichezea timu ile miaka tisa kwa sahani ya wali na nauli, na kila mwaka yeye ndiye mfungaji wao. Hakuwa na mbio, lakini alijua mpira utadondokea wapi. Alikwisha sema kwamba zikiisha mechi hizo tatu anastaafu. Hamu yake ilikuwa moja tu, aipandishe timu ya kwao kwa mguu wake, kisha aende zake baharini. Wazee wanasema usiache mbachao kwa msala upitao. Kivinje waliacha mkeka waliousalia miaka tisa, wakatandika mimi.

Nami nilidhani atanichukia. Mtu huyu, mwanangu, siku ya kwanza ya mazoezi alinishika mkono akanitembeza uwanja mzima. "Hapa mchanga ni laini, mpira unakufa. Huku ukipiga chini unateleza. Beki akikujia upande huu wa baharini, mwache apite, ataanguka mwenyewe." Alinipa miaka yake tisa kwa dakika kumi. Ningetaka kukuambia kwamba niliona aibu. Sikuona. Nilijiona mkubwa.

Mechi ya kwanza tulishinda, sikufunga. Watu wakasema mgeni hajazoea. Ya pili tukashinda tena kwa penalti, si yangu, nami nikapoteza nafasi mbili za wazi. Watu wakasema hapewi pasi nzuri. Hivi ndivyo inavyokuwa kwa mtu aliyenunuliwa ghali: kila mtu anamtafutia udhuru, kwa sababu kukiri kwamba yeye hafai ni kukiri kwamba wao wamekosea. Mchezaji wa bei ndogo akipoteza nafasi mbili anakaa benchi. Mimi niliongezewa pweza.

Ila mimi nilishajua. Tangu mechi ile ya kwanza nilijua. Golikipa mzima akisimama golini, mwenye mikono na macho yake, mimi sikuwa na kitu cha kumfanya. Nilikuwa kijana wa kawaida mwenye mbio, labda baada ya miaka mitatu ya kufundishwa ningekuwa mchezaji. Mechi ya mwisho ikakaribia. Nilitaka kumwendea kocha nimwambie, mpange Mfaume. Nilifika mpaka mlangoni kwake, nikamsikia ndani ananisifu kwa mtu, nikarudi. Nilisema moyoni, huenda kesho nikafunga. Mungu hamtupi mja wake. Ndivyo mtu anavyomtwisha Mungu kazi aliyotakiwa kuifanya mwenyewe.

Mechi ikaanza. Uwanja umejaa, hata kina mama waliokuwa hawaji siku nyingine walikuja. Kipindi cha kwanza tukafungwa moja. Mimi niligusa mpira mara tano, na mara tano nikaupoteza. Wakati wa mapumziko kocha anazungumza, mimi simsikii, namtazama Mfaume ameketi na jezi yake ya akiba, anafunga kamba za viatu anazifungua, anafunga tena. Basi nikashika paja langu la kulia nikasema, "Kocha, nyama imenivuta, siwezi."

Ulikuwa uongo. Paja halikuwa na lolote. Lakini sikuwa na ujasiri wa kusema siwezi mpira, nikaona bora niseme siwezi mguu.

Mfaume akaingia. Mwanangu, nimeangalia mpira mwingi tangu siku ile, mpaka huu wa kwenye televisheni, lakini mtu akicheza vile kwa goti moja sijamwona tena. Zilipobaki dakika kumi mpira ukadondoka pale ambapo yeye tu alijua utadondoka, akausukuma ndani. Tukawa sare, bao moja kwa moja. Watu wakalia. Baadaye akapiga mwingine ukagonga mwamba. Na filimbi ikalia hapo hapo. Sare haikutosha. Timu haikupanda.

Asubuhi yake nimejilaza barazani kwa bwana Shaweji, namwona Mfaume anakuja na chupa ya mafuta ya ufuta, yamepashwa moto. Nikamwamkia, akaitikia, akaketi chini kwenye mkeka. "Nimekuja kukukanda," akasema. "Mguu wa mchezaji usipokandwa mapema unakuwa mbovu maisha. Lete."

Nikanyoosha mguu. Akamimina mafuta, akaanza kukanda taratibu, vidole vyake vigumu vya kuvuta nyavu. Akakanda kitambo. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini, ile ya kumsitiri mtu, "Jana ulishika wa kulia."

Nikatazama. Nilikuwa nimempa wa kushoto.

Na hakuacha kukanda. Angeniacha pale pale ningemwelewa, angenitukana ningeshukuru. Aliendelea kuukanda ule mguu mzima kama vile unauma kweli, nami machozi yakanitoka, nikamwambia yote. Gari bovu, golikipa mgonjwa, beki mfupi, baba yangu alivyonitazama, na mlango wa kocha nilioufikia nikarudi.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akafuta mikono yake kwa shuka. Akasema, "Bei haikuwa yako, mdogo wangu. Bei tuliipanga sisi, kwa hofu ya kuwahiwa. Mtu akiuziwa mbuzi kwenye gunia, alaumiwe na yeye aliyeogopa kufungua. Fedha itasahauliwa. Mimi kinachoniuma ni kimoja tu. Ungesema kabla ya mpira kuanza, ningecheza mechi nzima."

Wiki ile alikwenda baharini, na hakuvaa tena kiatu cha mpira. Alikufa mwaka juzi. Nilikwenda kumzika, na mtoto wake akaniambia baba yake alipenda kuwahadithia bao lile la mwisho, na kila alipohadithia, alisema kwamba mimi nilimpisha. Alisema nilimpisha, mwanangu. Nimekaa na neno hilo mpaka leo sijui niliweke wapi.

Sasa mnaponiuliza kama timu zinalipa kupita kiasi kwa watu wasiojulikana, nawajibu: ndiyo, zinalipa, na nyingi zitaendelea kulipa. Msiwatukane. Si wajinga. Ni watu wenye kiu, na mwenye kiu hakagui kata. Wanacholipia mara nyingi si mguu wa yule kijana, ni woga wao wa kwamba jirani atamchukua. Ukipewa uongozi wa timu, na wengine wenu mtapewa, mlaze mgeni siku mbili, mtazame akicheza na watu wazima wenye afya. Akiwa kijana wa kesho, mpe fedha ya leo ndogo na muda mwingi, umkuze. Na kabla hujatia sahihi mtazame yule aliyekuchezea miaka tisa na sasa atakaa benchi, umuulize hali.

Na wewe unayenunuliwa, nawe nakuhurumia, maana najua sifa zinavyolewesha. Chukua ulichopewa kwa halali, hakuna dhambi. Lakini ukijua jambo juu yako ambalo mnunuzi halijui, liseme ukiwa bado mezani kwa baba yako. Mficha uchi hazai. Ukishindwa kulisema pale, liseme kabla ya mechi. Ukishindwa, liseme hata wakati wa mapumziko, lakini ujue kwamba hapo tayari umekula dakika arobaini na tano za mwenzio, na hizo hazirudishwi.

Nenda na radhi zangu, mwanangu. Mola akupe miguu yenye nguvu na ulimi unaowahi. Akuondolee watu wa kukusifu bila kukuona, akuletee wa kukukanda hata wanapojua. Na Mfaume, popote alipo, Mola ampe uwanja usio na mchanga laini, acheze mechi nzima.