Dirisha Lililotazama Ua wa Watu

Waliniona, au hawakuniona? Swali hilo ndilo lililoninyima usingizi wiki zangu za mwanzo Bagamoyo, nilipokuwa mwalimu mpya, nimetoka chuoni na cheti ambacho hata hakijakunjika.

Nilikuwa nimepanga chumba cha ghorofani katika nyumba ya mawe. Kwetu Mapinga tulijenga kwa miti na udongo, na sikuwa nimewahi kuishi juu ya vichwa vya watu. Nilitembea kwa ncha za vidole, nikihofia kwamba Bibi mwenye nyumba, aliyekaa chini, angedhani napiga ngoma.

Siku hizi nyumba ile imebaki kuta tupu. Lakini bado naweza kusimama popote, nikafumba macho, nikasikia harufu ya chumba kile: chokaa, mafuta ya taa, na vitumbua vya jirani vikipanda kutoka chini asubuhi.

Nilikipenda kwa ajili ya dirisha lake. Lilikuwa moja tu, pana, la mbao nzito zenye komeo la chuma, na lilitazamana na jengo tuliloliita nyumba ya milango. Humo serikali ilikusanya mabaki ya majumba ya zamani yaliyoanguka: milango ya nakshi, boriti za mikoko, hata vipande vya kuta vyenye vishubaka vya kuwekea taa, ili wageni waone mji ulivyojengwa. Milango iliyokosa nafasi ndani ilisimamishwa nje, na kutoka juu niliiona yote, imefungwa barabara, na nyuma yake hakuna kitu. Sijui kwa nini jambo hilo lilinituliza.

Niliyaona hayo mara moja tu, siku ya kuhamia. Kisha nikatazama chini.

Kati ya ukuta wetu na nyumba ya milango kulikuwa na ua wa jirani. Wanawake watatu walikuwa wameketi mkekani, vichwa wazi, mmoja akisukwa nywele. Nilivuta mbao kwa nguvu nikatia komeo. Hakuna aliyepiga kelele. Je, hawakuniona? Au waliniona wakanyamaza, wakingoja waume zao warudi? Na kama hawakuniona, kile kishindo nacho hawakukisikia?

Nikaona salama ni kutolifungua tena. Kaskazi ilikuwa imekolea, joto likajaa chumbani, vitabu vyangu vikaanza kuota kuvu. Ningeweza kumuuliza Bibi, lakini nikawaza: nikiuliza habari za dirisha, atajua nimechungulia, nikinyamaza, atadhani nina siri. Nikanyamaza, jasho likinitoka.

Kutoka uani nilisikia kila kitu. Mwenye ua alikuwa mama mtu mzima mwenye sauti nzito, mpika vitumbua.

"Yule wa juu joto lote hili hafungui," alisema siku moja. "Anafanya nini humo?"

"Anaatamia, mama," akajibu mke wa mwanawe.

"Basi mayai yake mabovu. Mbona hatusikii vifaranga?"

Wakacheka mpaka mtu akapaliwa. Nami nikacheka, kisha nikaingiwa na hofu kwamba kicheko changu kimesikika.

Jumamosi moja alikuja mkwezi kuangua nazi katika mnazi uliokuwa nyuma ya ua. Kabla hajaanza kupanda alipaza sauti: "Mkweziii! Napandaaa!" Hata kwetu wakwezi walifanya hivyo, ili wanawake walio uani wajistiri, nimekua nikiisikia sauti hiyo kama watu wanavyosikia jogoo. Mkeka ukaburutwa, kisha yule mama akaitikia, "Panda, baba!" Mkwezi alipofika juu, mama akaongeza: "Ukishuka umfundishe na jirani yetu wa dirishani. Yeye alipanda kimya kimya, akashuka hajaangua hata kidaka!"

Kumbe waliniona. Nilikaa kitandani masikio yakiniwaka. Hawakukasirika, hilo lilikuwa wazi, lakini badala ya swali moja sasa nilikuwa na mengine. Je, mwalimu apige kelele kama mkwezi? Aseme nini? "Hodi" husemwa na anayetaka kuingia, nami sikutaka kuingia. "Samahani" ingeonyesha nimekwisha kukosa. Nikayapanga maneno na kuyapangua, nikiyasahihisha kama insha za wanafunzi, na dirisha likabaki limefungwa.

Siku chache baadaye Bibi alipanda ngazi, tambuu mdomoni, na nyuma yake karani wa forodha.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nyumba ya mawe inataka upepo. Ukiifungia, chokaa inabambuka. Ona ukuta wangu!" Akapitisha kidole, chokaa ikamwagika sakafuni. "Wewe mtoto mzuri, huna makelele. Lakini chumba unakiua. Huyu bwana anakitaka, na yeye atafungua."

"Hata sasa hivi," alisema karani, akaenda moja kwa moja dirishani, akashika komeo.

Chini niliwasikia wanawake wakizungumza. Ilikuwa saa yao ya kusukana. Karani hakujua, na nilipotaka kumweleza, nikaona maelezo yatakuwa marefu na mkono wake tayari unavuta.

"Bwana, chumba hiki kina mtu," nikamwambia, nikamwondoa mkono.

Nikaegemeza paji la uso kwenye mbao, nikavuta pumzi.

"Jiraniii! Nafungua dirishaaa!"

Sauti ilinipasuka katikati. Bibi akaacha kutafuna. Uani nikasikia mkeka ukiburutwa, na kicheko kinachozuiwa.

"Jamani, yai limepasuka!" alisema yule mke wa mwana.

"Fungua, mwalimu!" akaitikia mama.

Komeo lilikuwa limeshika kutu. Nikalivuta kwa mikono miwili, nikazisukuma mbao zote mbili mpaka zikagonga ukuta wa nje.