Mwanangu Kaitwa Mwongo kwa Kuhesabu Watoto Waliouawa na Surua

Binti yangu ameitwa mwongo mbele ya kijiji kizima! Binti yangu huyu, aliyefika kidato cha nne wakati wana wa mwenyekiti wa kijiji wanashinda na ng'ombe!

Samahani, hata salamu sijatoa. Hamjambo wasomaji. Mimi ni mama wa miaka hamsini na miwili, mkulima wa pamba huku upande wa Runzewe. Niliishia darasa la nne, lakini barua naandika mwenyewe. Jina langu lificheni.

Mwanangu ndiye mhudumu wa afya wa kijiji. Surua ilipoingia alibeba chanjo kwenye kasha la barafu, juu ya baiskeli, wanaume wakimcheka. Watoto wao walipougua, kicheko kikaisha. Baadaye mwenyekiti akaandika wilayani: watoto wote wamechanjwa, waliokufa ni watatu. Tukapongezwa.

Mwanangu akakataa. Akapita nyumba kwa nyumba, akitazama kadi za kliniki, akiwauliza akina mama mmoja mmoja faraghani. Akapata vifo kumi na tisa, na watoto wengi walio hai hawajachanjwa hata leo. Maana huku kwetu mtoto ambaye hajaanza kutembea tunamzika sisi wanawake, kimya, nyuma ya nyumba, bila matanga, na jina lake halitajwi tena. Na mwenyekiti anaandika vifo vya matanga tu! Pasipo pombe ya msiba, kalamu yake haifiki.

Kwenye mkutano wa kijiji mwenyekiti akamfokea mwanangu, "Wewe binti, hao kumi na sita wengine wako wapi? Mama mmoja asimame amtaje mwanawe!"

Hakusimama mtu. Wale wale waliolia begani kwa mwanangu wakatazama chini! Nikamfinya jirani yangu asimame. Akaninong'oneza, "Simama wewe basi, unayejisifia binti yako kila siku kisimani."

Sikusimama. Na hapo ndipo ilipo aibu yangu. Katika hao kumi na tisa mjukuu wangu hayumo. Siku ya chanjo mimi ndiye niliyemwambia mkwe wangu, mke wa mwanangu wa kiume, "Twende tukachume pamba kwanza, shangazi yake atamchanja siku nyingine." Surua ikamchukua. Nikamzika kwa mikono yangu, na binti yangu alipouliza, nikamwambia ni degedege.

Sasa nataka kumtaja. Lakini mkwe wangu ni mjamzito tena, na mama mkwe wangu mimi, bibi kizee, ameapa: "Litaje jina hilo, na huyu wa tumboni atamfuata. Damu yake itakuwa juu yako." Mkwe mwenyewe ananitazama tu, ameshika tumbo. Nikinyamaza, mwanangu anafukuzwa kazi na chanjo hairudi, maana wilayani wanaamini wote wamechanjwa, ila surua itarudi. Hasira imenijaa, na nusu yake najikasirikia mwenyewe.

Mama wenzangu, niambieni: nisimame au nikae? Msichelewe kunijibu. Mkutano wa kuamua kama mwanangu afukuzwe ni Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nne asubuhi, ofisi ya kijiji, na kila mwanamke aliyewahi kuzaa ametakiwa afike.