Sauti Aliyoiteremsha Fundi

Mtaani alijulikana kama Fundi Spika, na wote walimkodi: chama tawala, wapinzani, hata vyama vya kuzikana. Akiulizwa yeye ni wa upande gani, alicheka: "Mimi sina chama, nina sauti ya kukodisha." Alikuwa na ujanja mmoja. Harusini, mjomba mlevi akianza kuanika siri za ukoo, Fundi aliteremsha sauti polepole, watu wakadhani ni umeme. Bintiye wa pekee, aliyekua akimkunjia waya, ndiye tu aliyeujua ujanja huo, na walikuwa wakiucheka njia nzima ya kurudi nyumbani.

Binti akawa mwalimu. Mwalimu mwenzake alipowataja hadharani wakubwa waliouza madawati ya shule, alipigwa marungu mpaka akafa. Ukaitishwa mkutano wa kumkumbuka, na binti akasema atayarudia majina yaleyale.

"Mwanangu, mdomo huponza kichwa," Fundi alimsihi.

"Baba, tukinyamaza sote, mwenzetu kafa bure. Wewe nifungie spika tu."

Akafunga. Ukingoni mwa uwanja walisimama vijana na marungu yao, hawana hata haya ya kuyaficha. Binti alipokaribia majina, Fundi aliyatazama tena yale marungu. Akajiambia kwamba lisilosikika halimuui mtu. Akateremsha sauti.

"Hatusikii huku," watu wakalalamika.

Binti aligonga maikrofoni, kisha akamtazama baba yake. Safari hii hakucheka. Akaiweka chini, akashuka kuingia katikati ya watu, akiyataja majina kwa koo lake mwenyewe. Jukwaani walimu wenzake walikuwa wamemzunguka. Huku chini hakuwa na wa kumkinga. Marungu yalimfikia kabla Fundi hajaipita meza yake. Alimkuta keshakata roho.

Mpaka leo Fundi anakodisha spika, maana tumbo halina likizo. Wajomba walevi wanaongea mpaka wachoke wenyewe; kitufe cha sauti hakigusi. Majirani humliwaza kwamba angalau alikuwepo, na maneno hayo humchoma kuliko matusi. Lakini anayemmaliza kabisa ni mkewe, ambaye kila akimpakulia chakula huuliza swali lilelile.

"Mume wangu, mashine yako haijawahi kukuangusha. Siku ile ilikuwaje?"

"Waya," anamjibu.