Ramani ya Njaa

Mercyline Adongo alifundisha baiolojia katika shule moja karibu na mtaa wa Obunga mpaka akaichoka chaki, ndipo akarudi chuo kikuu, mama wa watoto watatu. Shangazi zake wa Sondu hawakumwelewa. Waliposikia kazi yenyewe ni kukata ubongo wa panya vipande vyembamba kuliko ganda la kitunguu, walimwuliza kama hao panya angalau wanaliwa. Alicheka nao, lakini lilimchoma.

Alichotaka si kikubwa. Seli za ubongo hupashana habari kwa kemikali, na mojawapo ndiyo huamsha njaa. Mercyline alitaka kuichorea ramani: imekaa wapi katika panya aliyeshiba, na wapi katika panya aliyelala njaa. Kipande cha ubongo hulazwa juu ya kioo chembamba, hupakwa dawa inayonata kwenye kemikali hiyo peke yake, na chini ya darubini mahali pake huwaka kijani. Alikwisha kugandisha bongo za panya wake wa mwisho kwenye friza kubwa ya maabara wakati mama yake alipofariki, akaenda Sondu kumzika.

Aliporudi akaanza kukata, na hakuna kilichowaka. Kioo baada ya kioo, giza tupu. Vipande vyenyewe vilikuwa na matundu matundu kama mandazi yaliyozidi hamira. Alibadilisha dawa, akabadilisha wembe wa mashine, akachuja mwenyewe maji ya kuoshea. Giza lilelile. Nyumbani akawa anagombeza watoto kwa sababu ya kijiko.

"Ni mkono," alisema Dakta Waliaula, msimamizi wake. "Uko na majonzi, mama, na mkono wa mwenye majonzi hautulii. Lakini muhula ukiisha bila ramani, mimi sitakuwa na la kukutetea."

Mkono wake haukuwa na neno. Hata hivyo alijikuta akiutazama kila akishika kioo, akiuvizia utetemeke, na hilo ndilo lililomkera kuliko yote.

Siku moja, kwa hasira tu, aliamua kukwangua barafu ya friza. Chini kabisa, ndani ya barafu, akaona gamba la samaki. Akamwita Dorca, mtunza maabara aliyezoea kumwita Nyar Sondu, yaani binti wa Sondu; alikuwa akifuta meza.

"Dorca, hii imefika aje hapa?"

"Si ni ile samaki, ile ngege tulikuletea matanga," Dorca akasema, akitabasamu. "Tulinunua kwa wavuvi wa Dunga jioni, na gari ilikuwa inatoka asubuhi. Joto ilikuwa mingi, ingeharibika. So nikatoa maboksi zako nikaweka kwa fridge ya kawaida, usiku moja tu. Asubuhi nikarudisha zote. Hakuna hata moja ilipotea, Nyar Sondu."

Mercyline akaketi. Ubongo ukiyeyuka, kemikali zake huvunjika, na ukigandishwa upya barafu huutoboa. Alikuwa amekata uozo wiki hizo zote. Hasira ilimpanda, ikakosa pa kwenda. Aliikumbuka ngege ile. Maabara nzima ilifika Sondu na beseni limejaa, na yeye, aliyekuwa hajatia kitu mdomoni tangu watoke mochari, alikula samaki mzima mpaka kichwa, Dorca akimshikia sahani na kumwambia taratibu, kuna mifupa.

Dakta Waliaula akaingia. Akaiona friza iko wazi, akamwona Mercyline chini.

"Umejua shida iko wapi?"

Dorca alikuwa palepale na kitambaa chake, akingoja naye kusikia. Daktari alikuwa mtu wa kusamehe mkono unaotetemeka. Lakini aliyeichezea friza yake, hakuwahi kumsamehe.

"Ni mkono," Mercyline akasema. "Nipe panya wengine, daktari. Nitaanza mwanzo."

Daktari hakumwahidi. Alitikisa kichwa kwa huruma, akatoka, na Dorca akainama kumshika bega.

"Pole, Nyar Sondu," akasema. "Hiyo mkono itapona tu."