Viti vya Wakulima wa Denmark

Juma lile mwenzangu wa kazi alikuwa amefiwa na mamake huko Kenya, na maziko yalipangwa Jumamosi. Yeye hangeenda. Sir, meneja wetu, alimjibu kwa upole: hoteli imejaa, likizo inshallah mwezi ujao. Mama hazikwi mwezi ujao. Alichobaki kukitamani kilikuwa kidogo tu, matanga ya kweli hapa hapa Dubai, watu wakae naye. Aliogopa kumzika mamake kwenye simu, peke yake, amejilaza kitanda cha juu.

Sikuwa na msaada wowote, kwa hiyo nikamweleza picha.

Tulifanya kazi hoteli moja ya Al Barsha, yeye usafi, mimi mapokezi, ambako shahada yangu ya sanaa hunisaidia kugawa funguo za vyumba. Ukumbini palitundikwa picha kubwa ya rangi, ambayo yeye aliipangusa vumbi kila asubuhi. Kibati chake kilisema tu kwamba ni wakulima wa Denmark. Chumba chenye dari fupi, watu kumi na mmoja katika nguo nzito, meza ndefu, mkate mzima, mwanga wa dirisha ukiangukia mikono yao.

"Hii ni posa," nilimwambia Alhamisi, nikidhani namliwaza. "Mzee aliyesimama ni msemaji wa upande wa mume. Wale akina mama wa ukutani ni upande wa binti. Mchoraji wa aina hii hapambi, anaionyesha jamii ikijadiliana." Niliendelea hivyo dakika kadhaa. Nadhani nilitaja hata falsafa ya mwanga.

Alinisubiri nimalize, kitambaa mkononi.

"Prof, umesoma sana lakini hujawahi kupangusa hii kitu. Hawa wako matanga."

"Umejuaje?"

"Angalia viti."

Nikavihesabu. "Kumi na kimoja."

"Nani amekuuliza ni vingapi? Kuna viwili vinafanana? Hiki kina mgongo, hiki ni kigoda cha kukamulia ng'ombe, ule ni ubao juu ya ndoo. Vimetoka kwa majirani."

"Hata kwenye posa watu huazima viti."

"Kwa posa unaazima nyumba moja, yenye viti vizuri, wakwe wasikucheke. Kwa matanga hakuna anayeombwa. Mtu anasikia, anabeba chake, anakuja." Akakung'uta kitambaa. "Na mkate haujaguswa. Wewe uliona wapi wakwe wasiokula?"

Akaenda zake na ndoo yake. Nikabaki na falsafa ya mwanga.

Jioni niliandika kwenye kundi letu la simu, Wakenya, Waganda na sisi Watanzania wachache: "Jumamosi saa sita mama wa mwenzetu anazikwa. Tutakaa naye kwao, Al Nahda. Kila mtu aje na kiti." Nikasoma tena. Nikafuta sentensi ya mwisho, kwa kuwa hakuna anayeombwa, kisha sikulala vizuri. Fleti yao ina wanawake tisa na vitanda tisa. Kiti hakuna hata kimoja.

Jumamosi nilitoka na kiti pekee nilichonacho, cha kuandikia, chenye magurudumu. Nilikisukuma mitaa mitatu juani, kikilia kila penye kigae kilichovunjika. Njia nzima niliwaza kwamba nitakuwa mpumbavu pekee.

Kwenye lifti nilimkuta mlinzi Mganda, bado amevaa sare, amekumbatia kiti cha plastiki. Tukasalimiana. Mlango ulikuwa wazi. Ndani palikuwa na stuli ya jikoni, kiti cha kukunja cha ufukweni, kreti lililogeuzwa, na watu juu yake, wametulia.

Mwenzangu alisimama akavitazama viti kimoja kimoja, bila haraka. Akafika kwangu.

"Prof. Cha magurudumu?" Macho yalikuwa yamejaa, lakini mdomo ulikuwa ukicheka. "Wewe kweli ni mtu wa posa."

Akakivuta hadi mbele ya simu iliyokuwa ikionyesha maziko, akakikalia yeye. Mimi nikakaa chini.