Gari Lililotaja Nyumba za Bi Moza

Haya nimewasimulia wenzangu wa soko la vipuri Gerezani, wakacheka. Nimewasimulia watu wa msikitini, wakaniombea dua nipate nafuu. Na wewe usiponiamini sitakulaumu, ila maliza kusoma kwanza ndipo ubishe. Ni habari ya mwanamke ambaye mdomo wake haujawahi kutoa siri ya mtu tangu aanze kusema, halafu gari lake likazitoa zote kwa mkupuo.

Mimi Mwinyimvua nimeishia darasa la saba. Lakini darasa la saba la wakati wetu, wewe mwenye digrii, hulifikii hata ukipanda bajaji. Nauza saiti mira, vile vioo vya pembeni, na taa za magari Gerezani, na gari lolote lililoshuka bandarini nikiligusa boneti tu nakwambia lina wazimu gani. Kwa hiyo kwenye mambo ya magari nisikilize mimi, ya shule kaulize kwingine.

Bi Moza nimekua naye mtaa mmoja, Mtaa wa Likoma. Kazi yake ni usomo. Ndiye anayeingia ndani kumfunda mwali kabla ya ndoa, na baada ya ndoa, sufuria zikianza kuruka jikoni, ndiye anayeitwa kuzishusha. Nusu ya ndoa za Kariakoo, ile inayodumu, imepita mikononi mwake. Hiyo nusu nyingine ni ya watu kama mimi, ambao wake zetu walifundwa na wengine.

Sasa elewa jambo moja kuhusu sisi wa pwani. Binti akianza kufundwa, hatutangazi. Huenda posa haijajibiwa rasmi, huenda kuna mposaji mwingine bado anangoja jibu, na husuda ipo, usijifanye mgeni. Somo akionekana anaingia nyumba fulani, ni sawa na kupiga tarumbeta darini. Na Bi Moza alivyo mrefu, na ule mwendo wake wa mtu anayepima barabara ili aiuze, hakuna asiyemjua hata akiwa ndani ya nikabu. Alikuwa akikata kona ya Mtaa wa Mafia, muuza kahawa ameshaelewa. Kabla hajafika Mtaa wa Sikukuu, wauza khanga wameshakubaliana bwana harusi ni nani na ana kasoro gani.

Ndiyo maana akanunua gari. Si kwa raha, maana analiendesha kama anasukuma mkokoteni wa mihogo. Alinunua ili asionekane. Kigari cheupe, vioo vya tinti nyeusi tii, unaingia humo unapotea. Kijana wa yadi akamwambia, "Mama, hili lina kioo cha ramani, na tunakufungia kisanduku cha ulinzi. Likiibiwa unaliona kwenye simu liko wapi." Bi Moza akafurahi. Simu ikamletea maneno marefu kuliko hotuba ya imamu mgeni, na chini yake kitufe kimeandikwa Nakubali. Akabonyeza. Nani kati yetu hajabonyeza?

Halafu simu ikamuuliza: kazi yako? Hapo ndipo alipoteleza, na hapa mjini hakuna mwingine ambaye angeteleza vile. Mimi ningeandika mfanyabiashara mkubwa. Wewe ungeandika bosi. Bi Moza anauvaa usomo wake kama wengine wanavyovaa dhahabu, akaandika kwa kirefu: Somo wa maharusi.

Mwaka na ushee ukapita, kimya. Kisha ikaja habari ya Husna.

Husna ni binti wa Bi Sophia, wanakaa ghorofa ya tatu Mtaa wa Mchikichi. Alikuwa ameposwa na watu wawili. Mmoja nyumba imeshamkubali chinichini, mwingine bado hajapewa jibu, maana ni jamaa zao na lilitakiwa jibu la kistaarabu. Bi Moza akawa anaenda kumfunda taratibu, gari analiegesha uchochoroni. Siku moja shangazi wa yule asiyejibiwa kaja kutembea. Wako kwenye chai na kaimati, mlango ukagongwa. Msichana nadhifu, anaitwa Waridi, tableti mkononi.

"Asalamu alaykum, mama zangu. Hongereni kwa harusi. Sisi ni watu wa mapambo, tumeleta picha za kumbi mchague rangi."

Shangazi akaweka kikombe chini. Alichukua mkoba wake, akaaga kwa adabu ile inayouma kuliko tusi, akateremka ngazi.

Jioni ile Bi Sophia akampigia Bi Moza simu. "Bi Moza, nilikupa mwanangu na nilikupa siri yangu. Mwanangu nimemchukua. Usirudi hapa."

Asubuhi yake Bi Moza akaja dukani kwangu, akakaa juu ya boksi la taa.

"Mwinyimvua, mimi nimemwambia nani?"

"Labda umeota ukasema usingizini."

"Nalala peke yangu."

"Basi hakuna shahidi. Umeshinda kesi."

Hakucheka. Mwanamke huyu hucheka utani wangu hata ukiwa mbovu, kwa huruma, na siku ile hakucheka. Akanieleza kwamba watu wa mapambo wamegonga nyumba nyingine mbili alizokuwa anaenda, moja Upanga, na wenye nyumba kote wameanza kumwambia binti anaumwa, njoo wiki ijayo. Wiki ijayo wanasema hivyo hivyo. Somo asiyeaminiwa siri si somo tena. Ni mwanamke mrefu tu mwenye gari.

"Hizo nyumba umemtajia mtu?"

"Hata wewe sikukutajia."

"Mimi ningekuwa wa mwisho kutajiwa."

"Wewe ungekuwa wa kwanza kutangaza."

Hilo nalo lina ukweli. Nikamwomba simu yake. Nikaifungua ile programu ya gari, nikaona ramani ya jiji imejaa vidoti vyekundu kama mtoto mwenye surua. Kila kidoti ni pale lilipozimwa injini, na ukikigusa kinakuonyesha siku, saa, na limekaa hapo muda gani. Mchikichi kipo. Upanga kipo. Nyumba zote za wali anaowafunda, toka siku ya kwanza aliyotoka nalo yadi.

Nikaendelea kugusa, mjinga mimi. Nikaona vidoti vya Alhamisi, jioni, mahali pamoja, wiki baada ya wiki. Mtaa siuandiki. Si nyumba ya mwali wala ya ndoa yenye mgogoro. Bi Moza akaleta kiganja chake akafunika kioo.

"Hapo usipasome."

"Sijaona kitu."

"Umeona."

"Nimeona simu yako ina mpasuko, ikabandikwe kioo kipya."

Mpaka leo sijamuuliza, wala hajaniambia. Ila nililala nalo lile. Miaka yote namjua, nikidhani namjua, na kitu kidogo kama kiberiti kilichofichwa nyuma ya dashibodi kinamjua kunizidi. Mtu akikufuata nyuma Kariakoo utamhisi, utageuka, utamuuliza vipi kaka, unataka nini. Hiki kinakufuata huku umekikalia. Na mtu anayekuchungulia angalau huchoka, hupata njaa, husinzia. Hiki hakina kulala.

Lakini Bi Moza alitaka ushahidi, si falsafa ya muuza taa. Akafikiri pale juu ya boksi, kisha akasema, "Kesho nitaliegesha mlangoni kwako."

"Kwangu kuna harusi gani?"

"Ndiyo maana."

Akaja kuliegesha mlangoni kwangu mchana kweupe, akalifunga, akaondoka na bajaji. Akafanya vile siku kadhaa. Sasa fikiria: mzee mzima, wake wawili wamenitoroka kwa nyakati tofauti na sababu ileile, halafu gari la somo limelala mlangoni. Majirani walinisulubu. "Mzee umepata jiko?" "Mjomba, unafundwa wewe au bibi harusi?" Bakili muuza juisi akaniletea ya tende, eti ya nguvu.

Bi Moza alimpigia Bi Sophia aje kwangu ajionee, akakataa mara ya kwanza na ya pili. Ya tatu akaja, si kwa ajili ya Bi Moza, alisema, ila amechoka kupigiwa simu. Akakaa uani na wapangaji wenzangu wanawake, pazia limeshushwa, uso umekunjwa.

Alasiri mlango ukagongwa. Waridi yuleyule, tableti ileile.

"Shikamoo, baba. Hongera sana kwa harusi."

"Marahaba. Naoa nani?"

Akacheka kidogo. "Sisi hatuulizi hilo, baba. Tunaleta rangi tu."

"Umejuaje hapa kuna harusi?"

Binti mwenyewe hana hila, ni mtu wa kazi. Akageuza tableti akanionyesha. Ofisi yao hununua ramani kutoka kwa wenye vile visanduku. Wanaletewa magari ya wapishi, ya wapiga picha, ya masomo wa maharusi. Likisimama nyumba moja mara kwa mara, mchana, muda mrefu, wao wanaenda kugonga. Jina la mwenye gari hawaletewi, akasema, kwa hiyo ni sawa.

"Na hapa inasema gari la nani?"

"Somo wa maharusi, Kariakoo."

"Masomo wenye magari Kariakoo wako wangapi?"

Akafikiri. "Mmoja, nafikiri."

Pazia likasogea. Bi Sophia alikuwa amesimama. Alikiangalia kile kidoti chekundu kilichokaa juu ya paa langu la bati, kisha akaomba aonyeshwe Mchikichi. Akaonyeshwa.

Siku ya pili Bi Moza akaenda ofisini kwa wenye visanduku, nami nikamsindikiza ili waogope. Tukapokewa na dada mmoja anaitwa Anfal, mpole, kiyoyozi kinavuma.

"Mama, ulikubali masharti. Yameandikwa, taarifa zinaweza kupewa washirika wetu."

"Washirika ndio nani?"

"Bima, gereji, matangazo, wadau mbalimbali."

"Mwanangu, nikikukabidhi ufunguo wa nyumba uniangalizie, nimekuruhusu kuingiza wadau?"

Bi Moza hakupandisha sauti, na hiyo ndiyo inayotisha kwake.

"Nikueleze kitu. Wengine ninaowatembelea si wali. Ni wanawake waliokimbia kipigo, wamejificha kwa ndugu. Leo ramani kainunua mtu wa mapambo, kagonga mlango na picha za maua. Kesho akiinunua mume, atagonga na nini?"

Pale mimi mwenyewe nilisikia baridi, na si ya kiyoyozi. Sikuwa nimefika huko. Mimi nilikuwa bado kwenye aibu na heshima, yeye alikuwa ameshafika kwenye damu.

Anfal akaenda ndani, akarudi na mkubwa wake, akazungumza habari ya sheria ya taarifa binafsi kama mtu aliyeikumbuka ghafla. Kisanduku kitang'olewa, kumbukumbu zao zitafutwa. Bi Moza akauliza, na zile zilizokwisha kwenda kwa washirika? Mkubwa akasema watawaandikia kuwaomba.

"Kuwaomba," Bi Moza akarudia, akainuka.

Tukarudi hadi Msimbazi. Kisha akasema, "Mimi mwali nikimfunda jambo, namwambia likitoka haliokotwi. Leo nimefundwa mimi."

Gari analo, hajaliuza. Analipeleka Feri kununua samaki, analipeleka Magogoni akivuka kwenda kumwona dada yake Kigamboni, kokote asikojali kuonekana. Kwa wali anaenda kwa miguu, nikabu na mwendo wake uleule, na muuza kahawa anamwona kama zamani. Anasema muuza kahawa humwona leo akasahau kesho kutwa, tena ukimkatia jicho huona haya. Zile nyumba alikoambiwa mabinti wanaumwa alizizungukia zote, akawaeleza siri ilitokea wapi. Baadhi walimwelewa. Nyumba moja haikufungua mlango, na hiyo hajailaumu.

Bi Sophia alimrudisha Husna mikononi mwa Bi Moza. Hayo nakuandikia huku nikimsomea Bi Moza mwenyewe sentensi kwa sentensi, kibarazani kwake, maana amekataa karatasi hii iende popote kabla hajaisikia. Ameketi anachambua mchele, hajanikatisha hata mara moja, dalili kwamba naandika vizuri. Basi siku ya kumtoa mwali, Bi Sophia alisimama mbele ya wanawake mia nne, akamshika Bi Moza mkono, akasema siri yangu haikutoka kwa huyu, ngoma ikanyamaza, machozi yakawatoka wote, nami nikiwa palepale mbele karibu na mwali nikanyanyuka nikase—

"Mwinyimvua," Bi Moza kasema, hata macho hajayatoa kwenye ungo, "tulikuwa wanawake kumi na wawili, na mwanamume hakuvuka kizingiti. Wewe uliingia kama nani?"