Mdomo wa Mtani

Eufrazia alikuwa na genge la mboga mtaa wa Mafiga, na alikuwa na ugonjwa wa kutunga hadithi. Genge lilimlisha. Hadithi zilimnyaushia mchicha, maana mteja anakuja, anasimama, anagonga meza, yeye kainamia simu, vidole vinakimbia.

"Dada, unauza au huuzi?"

Ndiyo anashtuka.

Alitaka kuwa mtunzi. Si wa vitabu vya shule, hapana. Wa zile simulizi za kwenye simu zinazokatwa vipande vipande, watu wanabaki wanalilia sehemu inayofuata. Za kwake hakuna aliyezililia. Zote matajiri wa Dar, maghorofa, mwanamke anaitwa Brenda anakunywa mvinyo kalala kwenye maji ya moto. Eufrazia mwenyewe mvinyo kauonea kwa padri altareni. Akizitupa kwenye kundi la WhatsApp la akina mama wa mtaani, wanazipita kama matangazo ya dawa ya meno.

Msomaji alikuwa naye mmoja tu, Catherine. Wametoka wote milimani, Mgeta, wamebebeana ndoo tangu wadogo. Catherine akasoma akawa mwalimu, mwenzie akaishia kwenye mboga. Lakini kila jioni akitoka shule alipita pale gengeni, anapindua ndoo, anaikalia, anasoma, anasema ukweli.

"Fraza, huyu Brenda wako anakula saa ngapi? Tangu sehemu ya kwanza hajatia kitu mdomoni."

"Matajiri hawali ovyo."

"Umewaona wapi, shoga? Andika watu unaowajua. Hawa hata kivuli hawana."

Lilimuuma hilo neno, ila likamkaa. Afadhali lisingemkaa.

Akafa mzee Ignas, mjomba wake Catherine, aliyemlea na kumsomesha. Wakapanda mlimani wote wawili kuzika. Na msiba wa Waluguru bila mtani huo si msiba, ni mkutano. Mtani wa ukoo ule ni Scholastika, mama mnene mwenye sauti ya tarumbeta. Jeneza halijatoka ndani, yeye kishavaa koti la marehemu, lile zito alilokuwa anavaa hata jua la utosini, na jembe begani, maana mzee Ignas alikuwa analala na jembe lake asije mtu akaliazima.

"Mnakumbuka siku mkewe alipomkimbia?" Scholastika akaanza. "Mwanamke kapanda lori la kabichi, kakalia gunia, anaondoka na dereva. Mzee huyoo, nyuma ya lori!" Akazunguka uwanja mbio, koti linapepea. "Simameni! Simameni nyie! Teremsheni gunia langu!"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Catherine akacheka huku analia. Kisha Scholastika akavua koti, akalikunja vizuri, akashika chepeo, akaenda kumalizia kaburi na watani wenzake. Akapewa kuku wake wa utani. Yakaishia hapo. Mtani akisema, anasema pale mbele ya wafiwa, na udongo anaumwaga mwenyewe.

Eufrazia hakuuona udongo. Aliona hadithi. Matanga hayajaanuliwa, yeye kishaandika yote, kuanzia koti mpaka gunia. Jina akaligeuza, Ignas akamwita Inosenti, akajiona mjanja. Koti akaliacha vile vile, jembe vile vile, na Mgeta kaitaja. Akaitupa kundini.

Hee! Kundi likawaka. Wakaituma kwenye makundi mengine, watu asiowajua wakamwandikia, "Mtunzi, sehemu ya pili iko wapi?" Alisikia raha, tusidanganyane. Akapindua ndoo mapema, akaifuta, akamngoja Catherine aje amsifu.

Catherine alikuja, hakukaa. Siku ile mwalimu mwenzake, Salimu, mgeni tu asiyejua lolote, alikuwa kaisoma simulizi kwa sauti ofisini. Walimu wakavunjika mbavu. Kila aliyebeba madaftari akapigiwa kelele, teremsha gunia! Catherine kakaa kwenye kiti chake, mjomba wake anachekwa na watu ambao hata pole hawajampa.

"Si na wewe ulicheka?" Eufrazia akasema. Ndilo jibu alilokuwa nalo.

"Nilicheka na Scholastika. Scholastika mtani wetu. Wewe mtani wetu?"

"Jina nimebadilisha."

"Na koti umelibadilisha?"

"Uliniambia mwenyewe niandike watu ninaowajua!"

"Nilikuambia uwaandike, Fraza. Sikukutuma ukamvue marehemu nguo."

Akaondoka. Eufrazia akaifuta ile simulizi, lakini simu si ubao wa shule. Lori lilishaingia kwenye simu za watu. Akapanda mlimani kwa Scholastika, akamkuta anamenya viazi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kunirudishia mdomo wangu?"

"Naomba ukaniombee kwa Catherine. Wewe anakusikiliza."

"Siendi. Mimi nikimchafua maiti, namzika kwa mikono hii." Akamwonyesha mikono, ina wanga wa viazi. "Wewe uliposhika simu, ulishika na chepeo?"

Eufrazia akashuka alivyopanda.

Bado anaandika, na sasa anaandika vizuri, hilo lazima lisemwe ingawa halimsaidii kitu. Watu wa kwenye simulizi zake wanakula, wanakohoa, wanagombania mipaka ya mashamba. Wasomaji anao tele. Ila kila simulizi, kabla hajaipeleka kundini, anamtumia kwanza Catherine. Inatoka tiki moja ya kijivu, inabaki hivyo hivyo. Kafungiwa. Na yeye anajua kafungiwa, anatuma. Wapo wanaomsema Catherine kwamba ana roho ngumu. Wafiwe wao, marehemu wao wachekwe, halafu waje waseme.

Juzi mvua ilishuka ghafla, Catherine akakimbilia chini ya paa la genge. Eufrazia akaipindua ndoo haraka, akaifuta kwa khanga aliyojifunga.

Catherine akabaki kasimama. Akaitazama mvua, akatazama meza.

"Naomba mchicha, dada," akasema.

Eufrazia akamfungia mchicha.